Muybridge, mpiga picha aliyeona mapema kwamba macho ya refa hayatoshi

Wasikilizaji wetu wa vipindi vya michezo mnaikumbuka fainali ya mita 10,000 ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Paul Tergat wa Kenya na Haile Gebrselassie wa Ethiopia walifika mstarini karibu bega kwa bega, na Tergat akakosa dhahabu kwa sehemu 9 za mia za sekunde. Iliuma, lakini hatukumsikia mtu akidai refa alipendelea. Kamera ilikuwa imeshasema.

Zamani haikuwa hivyo. Katika mbio za farasi, mwamuzi mmoja alikaa kwenye kibanda kilichonyooka sawasawa na mstari wa kumalizia, akatumia macho yake tu. Hebu tupige hesabu kidogo. Farasi anayekwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Mwamuzi akipepesa jicho kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, farasi ameshasogea zaidi ya mita moja na nusu, na ushindi mara nyingi ni wa urefu wa pua. Tena akikaa pembeni kidogo ya mstari, farasi wa upande mmoja ataonekana ametangulia kumbe sivyo. Nyuma ya kibanda kuna umati ulioshika tiketi za kamari.

Mtu aliyesema mapema kwamba kazi hii ipewe kamera alikuwa Eadweard Muybridge. Wengi wanamjua kama babu wa sinema. Sisi leo tunamtazama kwa upande wa uwanja wa mbio.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1830 mjini Kingston upon Thames, Uingereza, akaitwa Edward Muggeridge. Jina alilibadilisha mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka likafika hili gumu tunalolijua. Akiwa kijana alihamia Marekani, akauza vitabu New York na baadaye San Francisco. Mwaka 1860 gari la kukokotwa na farasi alilosafiria lilipata ajali huko Texas, akaumia vibaya kichwani. Kwa muda aliona kila kitu viwili viwili. Alitibiwa New York na London, na aliporudi San Francisco miaka michache baadaye hakuwa tena muuza vitabu. Alikuwa mpiga picha, na picha zake za bonde la Yosemite zikamjengea jina.

Mwaka 1872 aliitwa na Leland Stanford, tajiri wa reli aliyewahi kuwa gavana wa California, mwenye farasi wa mbio. Stanford alitaka jibu la swali lililobishaniwa na wafugaji kwa muda mrefu: farasi akienda matiti, au akipiga shoti, kuna wakati kwato zote nne zinaachana na ardhi? Husimuliwa kwamba Stanford aliweka dau la dola 25,000 juu ya jambo hilo. Ni hadithi tamu, ila ushahidi wake ni haba, kwa hiyo tusiibebe sana.

Shida ilikuwa kasi. Picha za enzi zile zilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa na kutumiwa kingali kibichi, na kwa kawaida kilihitaji mwanga wa sekunde kadhaa. Muybridge alijaribu na farasi aitwaye Occident, akapata vivuli vyenye ukungu.

Kisha kazi ikasimama, kwa sababu ambayo hatutaifunika. Oktoba 1874 Muybridge aligundua kwamba mkewe, Flora, alikuwa na uhusiano na mwanamume aitwaye Harry Larkyns. Alisafiri mpaka karibu na Calistoga, akamwita Larkyns mlangoni, akampiga risasi na kumuua. Wakili wake alisema ile ajali ya kichwa ilimharibu akili. Jopo la wananchi lililosikiliza kesi mjini Napa mwaka 1875 halikuifuata hoja hiyo. Lilimwachia kwa kuona kwamba alikuwa na haki ya kuua. Flora alifariki mwaka huohuo, na mtoto akalelewa katika nyumba ya yatima. Makala nyingi za kumsifu huipita sehemu hii kama jambo la kuchekesha. Sisi tunaona kuna watu watatu hapo waliolipa gharama, na yeye akaendelea na safari.

Alirudi kwa Stanford, na Juni 1878, kwenye shamba la farasi la Palo Alto ambako leo kuna Chuo Kikuu cha Stanford, waandishi wa habari walialikwa kushuhudia. Kamera 12 zilipangwa mstari mmoja kando ya njia, na mhandisi wa reli, John Isaacs, alisaidia kutengeneza vifungio vya umeme. Nyuzi zilitandazwa kukatiza njia; farasi alipozigusa, kamera zilifyatuka moja baada ya nyingine. Jike aitwaye Sallie Gardner alipopiga shoti, alishtuka na ukanda wa tandiko ukakatika. Ukanda huo ulionekana katika picha, na waandishi waliokuwa na shaka wakaona kwamba kweli hakuna kilichochorwa kwa mkono.

Jibu lilikuwa ndiyo. Kwato zote huachana na ardhi, ila wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wamewachora farasi miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma, kama Théodore Géricault alivyofanya katika mchoro wake wa Derby ya Epsom ya mwaka 1821. Karne kwa karne, watu waliokaa na farasi kila siku hawakuwa wameona kilicho mbele yao.

Hapo ndipo wazo la mstari wa mwisho lilipozaliwa. Mwaka 1882 Muybridge alikwenda London kutoa mihadhara, na mwezi Mei jarida la sayansi la Nature likachapisha barua yake. Alitabiri kwamba muda si mrefu hakuna mbio kubwa itakayofanyika bila picha ya kuamua mshindi pale farasi wanapoonekana wamelingana. Mwaka huohuo Stanford alitoa kitabu kuhusu mwendo wa farasi, jina la Muybridge likiwa halimo kwenye jalada. Wanasayansi wa London wakamshuku kuwa ameiba kazi ya wengine. Alimshitaki Stanford, akashindwa.

Hakukata tamaa. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania alipiga picha watu na wanyama wa kila aina, wakiwemo mbwa wa mbio, na mwaka 1887 akatoa kurasa 781 za picha hizo. Alirudi Kingston uzeeni, akafariki tarehe 8 Mei 1904. Jiwe lake la kumbukumbu limekosewa jina: limeandikwa Maybridge.

Utabiri wake ulitimia kwa njia ambayo ni kinyume cha yake. Yeye alitumia kamera nyingi, kila moja na sehemu yake ya njia. Kamera ya mstari wa mwisho ni moja, inatazama mahali pamoja tu kupitia upenyo mwembamba; enzi za filamu, filamu ilipita nyuma ya upenyo huo bila kusimama. Kwa hiyo kila pua unayoiona katika picha ilipigwa ikiwa juu ya mstari. Kinachotofautiana ni saa. Ndiyo maana kwato iliyokanyaga chini mstarini hutokea imevutika kama mpira. Kamera ya namna hii ilitumika katika uwanja wa Del Mar, California, mwaka 1937. Uingereza ilichelewa kidogo: Derby ya kwanza kuamuliwa kwa picha ni ya 1949, Nimbus alipomshinda Amour Drake. Mbio za mbwa za kumfukuza sungura wa bandia, zilizofika Manchester mwaka 1926, nazo zilihitaji msaada huo, maana mbwa sita hupita mstarini wamebanana, bila mpandaji, wakitofautishwa kwa rangi za vizibao tu.

Jambo moja Muybridge hakulipata. Alidhani picha itaondoa sare. Sare zingali zipo: waamuzi huivuta picha, huipitisha mstari puani, na wakati mwingine pua mbili hukaa palepale. Hapo dau hugawanywa, na wenye tiketi za farasi wote wawili hulipwa pungufu.