Tumkumbuke Johann Sebastian Bach (1685–1750)

Bach alizaliwa Eisenach, Ujerumani. Alibaki yatima kabla ya kutimiza miaka 10, akalelewa na kaka yake, mpiga kinanda wa kanisa.

Mwaka 1707 aliajiriwa katika kanisa la Mtakatifu Blasius, Mühlhausen. Kinanda cha filimbi alichokikuta kilikuwa na kasoro nyingi. Mwaka 1708 aliandika mpango wa kukijenga upya. Kwanza, mivukuto iongezwe ili upepo utoshe. Kisha besi ipate filimbi za sauti nzito zaidi. Tena iwekwe kibodi ya tatu, yenye sauti laini za kuwasindikiza waimbaji. Mpango ulikubaliwa, lakini mwaka huohuo alihamia Weimar kabla kazi haijakamilika.

Kuanzia 1723 hadi kifo chake alifundisha na kuongoza kwaya mjini Leipzig. Akiitwa kukagua kinanda, alifungulia sauti zote kwa pamoja, asikie kama mapafu yake ni mazima.

Wapendwa, nasi wanakwaya wa Shika Adabu tuanze na pumzi kabla ya kuongeza spika. Na katika jubilei hii tuwakumbuke waliotutangulia, walioanza kazi ambayo hawakuisikia ikikamilika.