Blaise Pascal

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni, 1623, katika mji wa Clermont, nchi ya Ufaransa. Mama yake alikufa mtoto akali mdogo sana, akalelewa na baba yake, Étienne, pamoja na ndugu zake wawili wa kike, Gilberte na Jacqueline. Baba huyo alikuwa hodari wa hesabu, naye hakumpeleka mwanawe shuleni, bali alimfundisha mwenyewe nyumbani. Alitaka mtoto ajue kwanza Kilatini na Kiyunani, kwa hiyo akaviweka mbali vitabu vya elimu ya maumbo. Lakini jambo likatazwalo huzidi kutamaniwa. Gilberte alisimulia ya kuwa Blaise, alipokuwa na umri wa miaka 12, alichora mistari sakafuni kwa kaa, akavumbua peke yake kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni sawa na pembe mraba mbili. Baba alipoona hayo alistaajabu, akampa vitabu.

Baadaye baba alipewa kazi ya kodi mjini Rouen, nayo ilikuwa kazi ya kuhesabu fedha mchana na usiku. Blaise alimhurumia. Mwaka 1642, akiwa kijana wa miaka 19, alianza kutengeneza mashine ya kujumlisha na kutoa kwa magurudumu yenye meno. Zile za kwanza hazikumridhisha, akazitengeneza tena na tena mpaka ikapatikana iliyofanya kazi vema.

Siku zile wataalamu walikuwa wakibishana juu ya jambo moja. Torricelli, mtu wa Italia, alijaza zebaki katika mwanzi wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaupindua katika bakuli lenye zebaki. Zebaki ilishuka kidogo, kisha ikasimama, na juu yake pakabaki nafasi tupu. Ni nini kilichoizuia isishuke yote? Wengi walidhani kwamba ulimwengu huchukia nafasi tupu. Pascal alidhani kwamba ni uzito wa hewa, uelemeao zebaki ya bakulini na kuisukuma ile ya mwanzini ipande.

Lakini dhana si ujuzi mpaka ijaribiwe. Pascal akafikiri hivi: ikiwa ni uzito wa hewa, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyo juu ya mtu ni chache, zebaki lazima isimame chini zaidi. Ikiwa kimo chake hakibadiliki, dhana yake ni ya uongo, naye itampasa kuiacha. Yeye mwenyewe alikuwa Paris, tena afya yake ilikuwa dhaifu, kwa hiyo akamwomba Florin Périer, mume wa Gilberte, apande mlima wa Puy de Dôme ulio karibu na Clermont, wenye kimo cha futi 4,800 hivi.

Périer alipanda tarehe 19 Septemba, 1648, pamoja na mashahidi. Chini mjini zebaki ilisimama karibu inchi 28. Kileleni haikufika inchi 25. Hakutosheka kupima mara moja, bali alipima mara tano, mahali pa wazi na mahali pa kujikinga, na kila mara kimo kilikuwa kile kile. Mwanzi mwingine ulikuwa umeachwa chini, ukaangaliwa na mtawa mmoja mchana kutwa, wala haukubadilika. Hivyo haikuwezekana kusema kwamba hali ya siku ile ndiyo iliyoishusha zebaki.

Mwaka 1654 Pascal aliulizwa swali la wacheza kamari. Watu wawili wameweka fedha 32 kila mmoja, jumla 64, na atakayetangulia kushinda mara tatu atazichukua zote. Mmoja amekwisha kushinda mara mbili, mwenzake mara moja, kisha mchezo unakatizwa. Wagawane vipi kwa haki? Pascal alijibu hivi: kama wa kwanza angeshinda mchezo unaofuata, angepata zote 64, kama angeshindwa, wangekuwa sawa, naye angepata 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote, na 32 zilizobaki zigawanywe nusu kwa nusu. Wa kwanza apewe 48, wa pili 16.

Aliandikiana barua juu ya jambo hili na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse. Fermat alitumia njia nyingine: michezo miwili iliyobaki yaweza kwisha kwa namna nne, na tatu katika hizo ni za wa kwanza. Robo tatu ya 64 ni 48. Njia mbili, jibu moja! Hivyo nasibu, ambayo watu waliiona kuwa haina kanuni, ilianza kupimwa kwa hesabu. Kwa elimu hiyo waganga wa leo hupima kama dawa imeponya kweli, au wagonjwa wamepona kwa bahati tu.

Mwaka 1662 Pascal alishiriki kuanzisha magari ya farasi ya kuchukua abiria mjini Paris kwa nauli ya senti chache. Mwaka ule ule mtoto wa maskini aliyekaa nyumbani mwake aliugua ndui. Pascal hakukubali mtoto yule ahamishwe. Alihama yeye mwenyewe, ingawa alikuwa mgonjwa, akaenda kwa Gilberte. Huko alikufa tarehe 19 Agosti, 1662, akiwa na umri wa miaka 39. Tangu mwaka 1971 kipimo cha kanieneo huitwa paskali kwa heshima yake.

MAZOEZI
1. Kwa nini mwanzi mmoja uliachwa chini ya mlima?
2. Sarafu ikirushwa mara mbili, yaweza kuanguka kwa namna ngapi?
3. Kama mchezaji mmoja ameshinda mara mbili na mwenzake hajashinda hata mara moja, wagawane vipi zile fedha 64?