Rockne, mdakaji aliyeifungua ngome ya West Point

VIJANA wanaocheza kandanda kwenye mchanga wa Shangani, mjini Mtwara, wanalijua jambo hili: mchangani mpira hautambai, hivyo hupitishwa juu. Ni ufukweni pia, ingawa ni ufukwe wa ziwa, ambako Knute Rockne alijinoa kwa mchezo uliompatia jina.

Alizaliwa Norway mwaka 1888 na kuhamia Chicago akiwa na miaka mitano. Alifanya kazi posta kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Notre Dame akiwa na miaka 22.

Futiboli ya Kimarekani wakati huo ilikuwa mchezo wa kusukumana. Kurusha mpira mbele kwa mkono kuliruhusiwa tangu 1906, lakini wengi walikudharau. Kiangazi cha 1913, Rockne na mwenzake Gus Dorais walikwenda Cedar Point, Ohio, wakafanya mazoezi ya kurusha na kudaka.

Novemba 1 mwaka huo waliwakabili wanajeshi wa West Point, ambao walinzi wao walijazana katikati. Inasimuliwa kwamba Rockne alijifanya kuchechemea. Mlinzi wake alipomsahau, alichomoka na kudaka pasi ya Dorais akiwa peke yake, akafunga. Walinzi wakalazimika kutawanyika, katikati pakabaki wazi, na Ray Eichenlaub, mkimbiaji mwenye mwili, akapita hapo. Nusu hii ya pili husahauliwa na wengi, nayo ndiyo siri yenyewe. Notre Dame ilishinda 35-13.

Akiwa kocha wa chuo hicho, kuanzia 1918 hadi 1930, Rockne alishinda mechi 105 na kufungwa 12. Machi 31, 1931, ndege aliyopanda ilianguka Kansas. Alikuwa na miaka 43.