Emily Ruete: Jina la Hamburg, Mchanga wa Unguja

Waswahili husema kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii huonekana kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya Sayyida Salme bint Said, binti wa Sultani aliyeaga dunia akiitwa Emily Ruete. Hata hivyo, anayefuatilia safari ya jina hilo la Kijerumani hugundua kwamba kubadili jina ni jambo moja, na kukataa kwao ni jambo jingine kabisa.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Babaye alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mamaye, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa nyara angali mtoto. Katika kasri hilo Kiswahili kilisikika sambamba na Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika, hivyo Salme akajifunza kuandika kwa siri. Elimu hiyo ndiyo iliyomponza. Mnamo 1859, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa mwandishi wa nduguye Barghash aliyekula njama ya kumpindua ndugu yao Majid. Njama ilitibuka na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme alipopatana na Majid baadaye, Barghash hakumsamehe.

Jina Ruete lililetwa Unguja na biashara. Kampuni za Hamburg zilinunua kauri katika mwambao huu na kuzisafirisha hadi Afrika Magharibi, zilikotumiwa kama fedha. Miongoni mwa wafanyabiashara wa Hamburg waliokuwa kisiwani alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, ambaye nyumba yake ilipakana na ya Salme. Mazungumzo ya darini yakazaa mapenzi, na mapenzi yakazaa mimba. Mnamo Agosti 1866 Salme alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, na huko akajifungua mtoto wa kiume.

Kwa desturi ya Kiarabu, mwanamke aliyeolewa hubaki na jina la babaye. Kwa desturi ya Kijerumani ya enzi hiyo, alichukua la mumewe. Tarehe 30 Mei 1867, mjini Aden, Salme alibatizwa Emily na kufunga ndoa na Ruete. Kwa siku moja alipoteza jina alilopewa na wazazi na nasaba aliyotambulishwa kwayo. Mtoto wao alifariki mwaka huohuo. Huko Hamburg walijaliwa watoto wengine watatu: Antonie, Rudolph na Rosalie. Kisha, mnamo Agosti 1870, mumewe aligongwa na tramu ya farasi, akafa. Emily akabaki mjane ugenini, akilea watoto ambao mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka miwili.

Jina lililompa makao ndilo lililomnyima urithi. Barghash, aliyetawala tangu 1870, alikataa katakata kumpa sehemu yake kwa kuwa alikuwa ameacha dini na kuolewa na Mkristo. Mnamo 1885 Emily alirejea Unguja akisindikizwa na manowari za Ujerumani. Bismarck alimtumia kama chambo cha kumshinikiza Sultani akubali mamlaka ya Wajerumani huko bara. Barghash alipokubali, dai la Emily likawekwa kando. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alirudi tena Unguja mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu. Baadaye aliishi Jaffa na Beirut hadi 1914.

Mabinti zake waliolewa na kuchukua majina ya waume zao. Ni Rudolph aliyerejesha kilichopotea Aden: aliunganisha majina mawili akajiita Said-Ruete, na mnamo 1929 akachapisha, kwa Kiingereza, kitabu kuhusu maisha ya babu yake, Sayyid Said.

Emily alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, miongoni mwa akina Ruete. Ndani ya kaburi uliwekwa mchanga wa Unguja, ambao alikuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo.

Mnamo 2019 uwanja mmoja wa Hamburg ulipewa jina lake. Mwaka uliofuata uamuzi huo ulibatilishwa, maadamu katika kumbukumbu zake alitetea utumwa na kuwadunisha Waafrika, ilhali mamaye mwenyewe alikuwa mateka. Mchanga ule unathibitisha kwamba hakukataa kwao. Lakini kwao huko, katika kasri la Mtoni, waliishi pia watumwa ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote, wala hapakuwa na mwana wa kuwarejeshea nasaba zao.