Froebel na Bustani ya Watoto

Jirani yangu mmoja wiki hii alikasirika. Mjukuu wake alirudi kutoka chekechea na matope mpaka magotini, kwa kuwa mwalimu aliwatoa watoto nje kupanda mchicha. Jirani akaniuliza, yeye analipa karo mtoto asome au alime? Swali hilo, ndugu msomaji, ndilo lililonikumbusha Friedrich Froebel.

Bwana huyu alizaliwa Thuringia, Ujerumani, mwaka 1782. Mamake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, naye babake, aliyekuwa kasisi, hakuwa na nafasi ya kumlea. Alipofika miaka 15 alipelekwa kujifunza kazi kwa mtunza misitu, na huko akaipenda mimea. Baadaye akawa mwalimu, akafanya kazi na Pestalozzi huko Uswisi, kisha akaendesha shule yake Keilhau, ambako wanafunzi walitembezwa milimani na kulimishwa bustani.

Mwaka 1837 alianzisha mahali pa watoto wadogo mjini Blankenburg. Mwaka 1840 akapaita Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Na bustani ilikuwepo kweli. Kila mtoto alikuwa na kijitaru chake cha kupanda, na pembeni palikuwa na matuta ya wote. Katika lake, mtoto aliona kwamba akizembea, mche hufa. Katika ya wote, alijifunza kushirikiana. Michezo, nyimbo na vipande vya mbao vilikuwa sehemu ya masomo.

Lakini mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo, ikidai zinafundisha ukafiri na siasa za uasi. Kumbe aliyewatia wasiwasi hasa ni mpwa wake, Karl, nao wakawachanganya wawili hao. Mzee alijitetea, hakusikilizwa. Akafariki Juni 1852, marufuku ingali pale. Iliondolewa mwaka 1860.

Leo jina lake la shule limeenea duniani, hata kwetu Pwani utaliona limeandikwa kwenye mabango. Ila ukichungulia ndani, mara nyingi utakuta madawati na sakafu ya saruji tu. Bustani hakuna.

Kwa hivyo nilimwambia jirani asimlaumu mwalimu. Matope huoshwa yakatoka. Mtoto aliyeuona mche wake ukichipuka, hilo halimtoki.