Edwin Hubble: Alipima kutanuka kwa ulimwengu, akaacha ubishi

Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, mawingu ya vuli yakipisha usiku wa Novemba usio na mbalamwezi, mwenye macho makali akitazama kaskazini huona doa hafifu la mwanga. Hiyo ndiyo Andromeda, na aliyetegua kitendawili chake ni Edwin Hubble.

Alizaliwa Novemba 20, 1889 mjini Marshfield, jimbo la Missouri, Marekani. Ili kumridhisha babake, alisomea sheria Oxford, Uingereza. Mzee alipofariki mwaka wa 1913, kijana alifundisha shule ya sekondari kwa muda, kisha akazirudia nyota, haja ya moyo wake.

Mnamo 1919 aliajiriwa Mount Wilson, California, penye darubini iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani. Mwaka wa 1923 aliona ndani ya Andromeda nyota inayong'aa na kufifia kwa zamu. Kwa kanuni ya Henrietta Leavitt, mwanamke ambaye sifa zake zimemezwa na za wanaume, alikadiria umbali wake. Andromeda ilikuwa galaksi nyingine, nje kabisa ya yetu.

Akisaidiwa na Milton Humason, aliyewahi kuwa mchunga nyumbu mlimani humo, alitangaza mwaka wa 1929 kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa ameyafikia hayo miaka miwili awali.

Kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26 ya umbali, Hubble alipata ongezeko la kilomita 500 hivi kwa sekunde. Hapo pakazuka balaa. Kwa hesabu hiyo, ulimwengu ulikuwa na umri wa takriban miaka bilioni 2, ilhali miamba ya dunia ilionekana kuwa mikongwe zaidi. Mtoto kamzidi mama umri!

Mnamo 1952 Walter Baade alionyesha kuwa nyota za aina ile ni za namna mbili, nazo zilikuwa zimechanganywa. Umbali ukaongezeka maradufu, kasi ikashuka kwa nusu.

Hubble alifariki Septemba 28, 1953. Hapakuwa na mazishi ya hadhara, na mkewe, Grace, hakufichua mwili ulikolazwa.

Ubishi haukuzikwa naye. Miaka ya 1970 Allan Sandage, aliyekuwa msaidizi wake, alitetea kiwango cha karibu 50. Gérard de Vaucouleurs akashikilia 100. Darubini ya angani yenye jina la Hubble, iliyorushwa 1990, ilipunguza pengo hilo bila kuliziba. Wanaopima kwa nyota hupata takriban 73. Waliotumia chombo cha Planck, kilichonasa mwanga mkongwe kuliko wote, walipata takriban 67, na kila upande umehakiki hesabu zake mara kadhaa bila kuliona kosa.