James Parkinson: Tabibu Aliyewatazama Wazee Njiani

Ijumaa hii tumeonelea tutaje maisha ya tabibu wa Uingereza, James Parkinson, aliyezaliwa mwaka 1755 katika mtaa wa Hoxton, London, akafariki mwaka 1824. Hakuwa mtu wa dini yetu, lakini elimu aliyoiacha inawahusu wazee wetu moja kwa moja.

Utabibu aliufuata kwa baba yake, akawatibu watu wa mtaa ule ule aliozaliwa. Siasa zake hatutazirefusha, ingawa mwaka 1794 alihojiwa na baraza la mfalme kuhusu njama iliyodaiwa ya kumuua mfalme.

Lililo kubwa ni risala yake ya mwaka 1817 juu ya kupooza kwa kutetemeka. Aliijenga juu ya wagonjwa sita tu. Wawili alikutana nao njiani, na mmoja alimwona kwa mbali tu. Huyo wa mbali hakuweza kuanza mwendo mpaka mtumishi asimame mbele yake, amshike mabega, naye mgonjwa ajiyumbishe taratibu. Kisha huondoka mbio, na mtumishi hutangulia mbio naye ili amdake asianguke.

Kutetemeka kwa viungo kulijulikana zamani. Ibn Sina ameandika habari zake. Kazi ya Parkinson ilikuwa kuunganisha. Aliuliza maradhi yalianza lini na mkono upi, akaona kwamba mkono mmoja unaotetemeka hata ukiwa umetulia, kisha wa pili, kisha mgongo unaoinama na hatua fupi za haraka, yote ni maradhi mamoja yanayosonga mbele mwaka baada ya mwaka. Wagonjwa wenyewe walikuwa na sababu zao. Baharia mmoja, wa miaka kama 65, alilaumu ardhi yenye unyevu aliyoilalia katika gereza la Hispania.

Alikosea pia. Alidhani chanzo ni sehemu ya juu ya uti wa mgongo, na alikiri kwamba hakuwahi kupasua maiti kuhakikisha. Leo tunajua ni kufa kwa chembe fulani za ubongo. Alisema akili husalimika, na si kwa wote. Baadaye Charcot wa Ufaransa aliongeza ukakamavu wa viungo na uzito wa mwendo, akaeleza kwamba wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Ndiye aliyeyapa maradhi jina la Parkinson, mwenyewe akiwa kaburini miaka mingi.

Hadi leo daktari huyatambua zaidi kwa njia ile ile: kumtazama mgonjwa akitembea, kumpima viungo na kumsikiliza. Hata hivyo, utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wengi wa waliokuwa nayo hawakuwahi kuambiwa wanaugua nini, ilhali levodopa, dawa isiyoyakomesha lakini humrahisishia mgonjwa mwendo, imetumika tangu miaka ya 1960.